Mama Mbili Nukta Tisa

Uliangalia pembeni. Usijitetee kwamba hukuwepo, maana ulikuwepo. Ulikaa meza ya dirishani katika loji ya Bartholomeo pale Iringa, mji wote uko chini yako, chapati iko mkononi. Mwanamke mzima akaitwa kutoka jikoni, aproni bado kiunoni, akasimamishwa mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani, akaambiwa kwamba yeye ndiye sababu ya wageni kupungua. Aliambiwa mbele ya wenzake na mbele yako wewe. Ulisikia. Ukakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Watu wa nyanda hizi tuna shingo nyepesi. Tuligeuka hivyo hivyo miaka ile mifugo ilipoondolewa Usangu, makundi kwa makundi, na akina mama nyuma yake wakiwa na watoto mgongoni. Ng'ombe walihesabiwa. Watu hawakuhesabiwa. Sisi tulisimama kando ya barabara tukalalamika kwamba vumbi limezidi.

Mwanamke huyo anaitwa Nyamizi, kazini Mama Boni. Ni mtoto wa wafugaji wale waliotoka kaskazini wakashukia Usangu, na yeye ni katika waliobaki Rujewa baada ya ng'ombe kwisha, akajifunza kuishi kwa sufuria badala ya maziwa. Aliyebandika karatasi anaitwa Evarista. Hadithi hii ni ya aibu yake Evarista, na kwa kuwa ulikula chapati pale, na wewe una fungu lako.

Evarista ni binti wa mkulima Mkatoliki wa vijiji vya Iringa. Alisomea hoteli na utalii hadi stashahada. Wenzake chuoni walikimbia somo la takwimu kama watu waliomwagiwa maji, yeye alilipenda. Alipenda kwamba kelele za watu mia, kila mmoja na lake, unaweza kuzijumlisha, ukazigawa, ikabaki namba moja iliyotulia. Wastani. Alilitamka neno hilo kama mtu anayemtaja mchumba.

Bartholomeo, mwajiri wake, ana loji mbili, moja Iringa na nyingine Mbeya. Wanalala humo watalii wanaoelekea mbugani, madereva wa malori ya Tunduma, na watu wa semina. Loji ya Mbeya ilikuwa inajaa. Ya Iringa ilikuwa inapwaya, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Mlinzi alisema ni barabara. Clement, mhasibu, alisema ni bei. Bartholomeo mwenyewe, ingawa ni mzee wa kanisa, alishaanza kumtazama jirani yake mwenye gesti kwa jicho la mashaka.

"Tusibahatishe, mzee," Evarista alimwambia. "Tuwaulize wageni wenyewe. Tuwape kadi za maoni, chakula kipewe alama, moja mpaka tano. Halafu tulinganishe loji na loji. Namba hazina ndugu."

Bartholomeo aliipenda sana ile ya namba kutokuwa na ndugu. Aliirudia hata kanisani.

Kwa Iringa, Evarista alifanya kama alivyofundishwa. Mgeni aachwe huru, asionwe, asitaje jina. Alichongesha sanduku la mbao lenye kufuli, akaliweka getini, mbali na macho ya wafanyakazi, kadi na kalamu juu yake. Kwa Mbeya alifunga kadi kwenye bahasha, akazipakia kwenye basi na maneno mafupi: wageni wajaze, mzirudishe mwisho wa msimu. Hakuuliza nani atazigawa wala mgeni atajazia wapi. Hilo lilikuwa kosa lake lote, dogo kama punje ya mchele, na akalipikia wali wa sherehe.

Msimu ulipoisha alijumlisha, akagawa. Mbeya, nne nukta saba. Iringa, mbili nukta tisa. Akachora nguzo mbili, ya Mbeya ikipanda kama mlingoti wa simu, ya Iringa kama kisiki, akabandika ukutani kwenye chumba cha kulia.

"Loji ya Iringa mpishi ni nani?" Bartholomeo aliuliza, kama vile hamjui.

Nyamizi akaitwa.

"Mama Boni, unaona hiyo nguzo fupi?" Evarista alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana ilikata vizuri. "Hivyo ndivyo wageni wanavyosema kuhusu chakula chako."

Nyamizi aliitazama karatasi kwa muda. "Wageni gani? Hao wanaoniomba niwafungie chapati za safari?"

"Wageni wote, Mama Boni. Ni wastani."

"Na huyo wa Mbeya anapika nini mpaka akapata urefu huo?"

Clement hakungoja mtu ajibu. "Jamani, mtu wa ng'ombe utamwambia nini kuhusu mboga? Yeye kazoea kukamua."

Watu wakacheka. Evarista naye alicheka. Si sana, alitoa pumzi tu puani, lakini Nyamizi alikuwa anamtazama yeye, si Clement. Kisha akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Wewe ukakoroga chai.

Jioni hiyo Bartholomeo alipiga picha ile karatasi, akaituma kwenye kundi la simu la wenye mahoteli na loji wa nyanda za juu. Chini yake akaandika: sisi tunaongozwa na takwimu, mpishi Nyamizi tumeachana naye. Wakamwekea vidole gumba, na mmoja akauliza binti aliyefanya kazi hiyo anapatikana wapi. Evarista aliulizwa na mama yake kwa nini anatabasamu peke yake kama mwehu. Bartholomeo alishamdokeza kwamba mwaka mpya ukiingia atasimamia loji zote mbili, na kwamba katika mkutano wa wenye mahoteli, Jumamosi moja ya mwezi uliofuata, yeye ndiye atakayetoa mada.

"Lakini kabla ya mkutano nenda Mbeya," alimwambia. "Kaone huyo Tusekile, mpishi wa kule, anafanyaje. Uandike mwongozo."

Akaenda. Mbeya ilikuwa imejifunika ukungu, na baridi ile inayomfanya mtu aone chai kuwa ni ndugu. Hakujitambulisha. Alikaa kama mgeni, akaagiza ndizi na maharage. Ndizi zilikuwa nzuri. Maharage hayakuiva, yalikuwa yanagonga meno. Chai ilikuwa na moshi. Alikula kwa sababu ametoka mbali na alikuwa na njaa, huku akijiuliza nne nukta saba imejificha wapi katika sahani hiyo.

Ndipo Tusekile akatoka jikoni. Mama wa Kinyakyusa wa makamo, mwili umejaa, uso mkunjufu. Alikuja mpaka mezani, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia wenye adabu zao, akashika kadi kwa mikono miwili.

"Ugonile, mwanangu. Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Ndaga, asante nawe. Sasa nisaidie hii, ofisini wanaidai. Weka alama hapo tu."

Akabaki amesimama, mikono imefumbatana tumboni, anatabasamu. Evarista alishika kalamu. Hakufikiri. Mkono uliotembea juu ya kadi ile ulikuwa mkono uliolelewa na mama yake, mama aliyewahi kumfinya paja msibani kwa sababu alikunja uso mbele ya mwenye kupika. Uliweka tiki kwenye tano.

"Mungu akubariki," Tusekile alisema, akahamia meza ya pili.

Pale alikaa dereva wa lori na utingo wake. Sahani ya dereva ilikuwa imesukumwa pembeni, maharage yamebaki mlima. "Tano, mama, tano," dereva alisema kabla hata ya kukabidhiwa kadi. "Kwa mkono wako huu nani atakupa nne?" Tusekile akacheka, akaondoka na kadi yake. Dereva akamwinamia utingo. "Yale maharage ukiyatia kwenye gobore unaua nguruwe pori."

Evarista alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, katika baridi ile. Alimfuata Tusekile hadi mlango wa jiko.

"Mama, samahani. Kadi zote huwa unazigawa mwenyewe?"

"Sasa nani mwingine? Wahudumu wanazisahau."

"Na yupo aliyewahi kuandika moja?"

"Mbele yangu?" Tusekile alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama watu hula mawe. "Huyo atakuwa hakulelewa na mama."

Akacheka sana, bila hila yoyote. Hakuwa ameiba alama za mtu. Alitumwa kazi, akaifanya kwa heshima.

Evarista alikaa nje kwenye ukuta mfupi. Darasani walimfundisha hili. Aliukumbuka hata ubao, hata mwalimu aliyekuwa akipangusa chaki kwenye suruali: ukipima vitu viwili kwa vipimo viwili, ulicholinganisha ni vipimo. Aliliandika likampatia maksi. Mbeya alipima adabu. Na Iringa je, kwenye sanduku la getini? Nani anasimama getini, gari linaunguruma, kutafuta kalamu? Aliyekosa maji ya moto. Aliyelala karibu na malori yanayopashwa moto alfajiri. Mwenye hasira zake. Aliyeshiba alikuwa ameshapita mteremko wa Ipogolo na chapati za Nyamizi mapajani. Sanduku lake la fundi, lenye kufuli, lilikusanya wenye hasira tu, naye akawaita "wageni wote."

Angeweza kuligundua bila kupanda basi. Mtu wa nyanda hizi asiyejua kwamba mgeni hakisemi chakula mbele ya aliyekipika ni nani? Alilijua kabla hajajua kusoma. Lakini siku aliyovaa beji ya chuo aliona kama yale ya mama yake hayamo tena katika hesabu.

Siku ya kurudi aliteremka njiani, akachukua bodaboda mpaka Rujewa. Alimkuta Nyamizi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kitambaa mdomoni, vumbi la pumba limemtia mvi kwenye nyusi. Alikuwa anapepeta chenga.

"Kamwene, Mama Boni."

"Haa." Nyamizi hakuacha ungo. "Madamu. Umekuja kunichora tena?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikosea. Zile namba hazikuwa sawa. Wewe hukuwa na kosa."

Akamweleza, haraka haraka, kwa kelele ili aishinde mashine. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. Wanawake wawili waliokuwa wakipepeta karibu walijifanya hawasikii, kwa ufundi.

"Nilikwenda Makambako kuomba kazi," Nyamizi alisema. "Nimetaja jina tu, mwenye hoteli akauliza, wewe ndiye mbili nukta tisa? Nikaenda Mafinga. Ah, huyu si yule mbili nukta tisa. Sasa hata hapa mashineni wananitania. Mama Mbili Nukta Tisa, leta ungo. Mimi mwanzo hata sikujua nukta ni nini. Nilidhani ni ugonjwa."

Mmoja wa wale wanawake akashindwa kujizuia, akacheka, akajifunika mdomo. Nyamizi naye akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Nisamehe, Mama Boni."

"Ulinisema mbele za watu, unakuja kuniomba msamaha nyuma ya mashine? Kwetu ng'ombe wa mtu ukimsingizia hadharani, unarudi hadharani. Huendi kunong'ona na mwenyewe zizini."

"Jumamosi kuna mkutano Iringa. Wenye mahoteli wote. Nitazungumza."

"Utalitaja jina langu?"

"Nitalitaja."

"Basi nitakuja kusikia."

Bartholomeo alimsikiliza ofisini kwake, kidole kikichezea ufunguo wa gari. Alielewa upesi, si mjinga, na ndilo jambo baya.

"Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya watu niseme nilimfukuza mpishi kwa sababu ya adabu za Wanyakyusa?"

"Si za Wanyakyusa, mzee. Ni zetu sote. Na anayesema ni mimi. Kosa ni langu."

"Picha niliituma mimi." Akauweka ufunguo mezani. "Evarista mwanangu, eleza unavyotaka. Wewe ndiye msomi. Lakini majina ya watu usitaje. Na ile kazi ya loji mbili bado sijaiandikia barua."

Hakupandisha sauti. Alimsindikiza hata mlangoni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ulikuwepo na hapa, mstari wa tatu, chupa ya maji mbele yako. Nyamizi aliingia wakati watu wameshakaa, kitenge kipya, kitambaa cheupe kichwani, akachukua kiti cha mwisho karibu na mlango. Evarista alimwona. Alikuwa ameandika sentensi kwenye kiganja kama mtoto wa shule: Mama Nyamizi hakuwa na kosa, kosa ni langu, naomba muifute ile picha.

Alianza vizuri. Alionyesha nguzo mbili. Akasema ana marekebisho. Ukumbi ukatulia, na Bartholomeo, mstari wa mbele, akakunja mguu juu ya mguu. Evarista alifungua mdomo kusema jina, akaziona nyuso zile zilizomwekea vidole gumba, akaona zinasubiri kumwona akivuliwa nguo. Ulimi ukateleza kwenda mahali penye usalama.

"Tumebaini," alisema, "kwamba kulikuwa na upendeleo katika ukusanyaji wa sampuli. Mbinu za ukusanyaji hazikuwa sanifu baina ya vituo viwili. Kwa hiyo tofauti ya wastani itafsiriwe kwa tahadhari. Tunapendekeza kadi zigawiwe kwa utaratibu mmoja, na wasiojibu nao wazingatiwe."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hapakuwa na mtu ndani yake.

Mkapiga makofi. Mwenyekiti akamsifu kwa uaminifu wa kitaalamu, akasema vijana wa namna hii ndio unaowahitaji utalii wa kusini, akatangaza chai. Bartholomeo alimpa mkono, akaubana kidogo, mkono wa kulia, wenye kiganja kilichoandikwa. Wino ukamgusa vidoleni. Akaupangusa kwenye leso bila kuusoma.

Watu walipoanza kusogea kwenye birika, Nyamizi alikuja mpaka mbele. Watu walimpisha wakidhani ni mhudumu.

"Dada Eva," alisema, taratibu, kwa swali la kweli kabisa. "Umeshasema, au bado?"

Evarista alitazama sakafu. "Nimesema, Mama Boni. Nimesema kwa lugha ya kitaalamu."

"Mimi ulinisema kwa Kiswahili."

Alisubiri kidogo, kama unavyomsubiri mtu aliyekwenda kukuletea chenji, kisha akajifunga kitenge upya na kutoka. Mtu mmoja mezani alimnong'oneza mwenzake, si yule wa mbili nukta tisa? Evarista alilisikia. Kinywa chake kilikuwa kimejaa andazi. Akatafuna. Akameza. Alijiona kwenye kioo cha dirisha akitafuna, na hakuweza kuangalia pengine popote, kwa sababu kila upande kulikuwa na mtu aliyekuwa anampongeza.

Barua ya loji mbili aliipata. Siku hizi kadi zinagawiwa kwa utaratibu mmoja, Iringa na Mbeya, na Clement anasema nguzo zinakaribia kulingana. Hakuna aliyeuliza maana yake ni nini kwa mwanamke aliyeko Rujewa akipepeta chenga. Evarista kila akilala huisema ile sentensi ya kiganjani, kamili, kwa sauti. Ukuta wa chumba chake unaijua kwa moyo.

Yeye ameshindwa, na aibu inamla kama inavyostahili. Lakini picha ile iko kwenye kundi, na kundini umo wewe. Umo na jina lako, kidole gumba chako kiko chini yake mpaka leo. Usiniambie mwenye kundi ni mkali, usiniambie ni ya zamani, usiniambie utamtafuta Bartholomeo faragha. Alisemwa hadharani. Fungua kundi sasa hivi, uandike kwa Kiswahili ambacho utingo anakielewa: Nyamizi alisingiziwa, hesabu ilikuwa mbovu, na mimi niliikubali. Utaje jina. Halafu, kama una jiko, mpigie simu leo umpe kazi. Andika.